Ruzuku za Zana za Kufundishia Vyuoni na Fungu la Lugha: Mifano kutoka Mwambao wa Ziwa Victoria

Kusudi la makala haya ni kueleza jambo ambalo sisi wataalamu wa lugha tumewaachia wahasibu na mafundi kwa muda mrefu mno, yaani namna fedha za kununulia zana mpya za kufundishia katika vyuo vikuu zinavyoombwa na kugawanywa, na mahali pa lugha katika mgawanyo huo. Mifano nimeichukua hasa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, kwanza kwa kuwa ndiko nifundishako, na pili kwa kuwa mwambao huo umepokea misaada ya namna hii tangu zamani kuliko watu wengi wanavyodhani.

Hoja yenyewe ni fupi. Kila zana huja na maneno yake. Fedha zikitengwa kwa ajili ya zana peke yake, maneno yatapatikana vivyo hivyo, walakini yatapatikana kwa kubahatisha, kila mwalimu na lake, na kila kikundi cha wanafunzi na lake. Na mara nyingine mkanganyiko wa maneno huingia katika elimu yenyewe hata mwanafunzi akajifunza kosa akidhani amejifunza kweli. Kwa hiyo fungu la lugha ni sehemu ya gharama ya zana, kama ulivyo waya wa umeme.

Yafaa kwanza kulitazama neno "ruzuku" lenyewe. Msomaji anajua kwamba ni ndugu wa "riziki", na kwamba kitenzi chake tangu kale kimetumika kwa Mwenyezi Mungu anayewajalia viumbe mahitaji yao bila kuwadai hesabu. Ruzuku ya siku hizi imegeuka mno. Huombwa kwa andiko, hugawanywa kwa mafungu, na hudaiwa stakabadhi hata ya shilingi ya mwisho. Jambo lisiloandikwa katika andiko halina fungu, na lisilo na fungu halitendeki. Hapo ndipo lugha inapopotea: haikukataliwa na mtu yeyote kwa ubaya, bali haikuandikwa.

1. Vyuo vya mwambao na fedha zao

Vyuo vya Mwanza havikuanza jana. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kimetokana na taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoanzishwa Nyegezi mwaka 1960, nacho kikapata daraja la chuo kikuu mwaka 1998. Pale Bugando, Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 2003. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo chake hapo mjini. Upande wa Mara kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere, Butiama.

Fedha za zana hutoka katika mito mitatu. Wa kwanza ni Serikali, pamoja na Mfuko wa Elimu unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2001. Wa pili ni wafadhili wa nje: mashirika ya dini, vyuo rafiki, na mashirika ya maendeleo. Wa tatu ni mikopo ya nchi. Mfano mkubwa wa mikopo hiyo ni Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ujulikanao kwa kifupi kama HEET, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola za Marekani milioni 425 mwaka 2021. Mradi huo ulilenga hasa taasisi za umma, na katika Kanda ya Ziwa umegusa Butiama, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Kagera, na kampasi ya Chuo Kikuu Ardhi huko Sengerema. Majengo, maabara, mitaala, masomo ya wahadhiri na zana za kidijitali vyote vimo ndani yake.

Hapa ningependa msomaji akumbuke kuwa mkopo haufanani na sadaka. Utalipwa, na walipaji ni pamoja na mvuvi wa Ukerewe na mkulima wa pamba wa Magu, ambao watu wao wakiingia chuoni wataikuta elimu hiyo katika lugha ambayo nyumbani haisemwi. Wanayo haki ya kuuliza kama zana walizozilipia zitazungumza na watoto wao.

2. Mfano wa Mwanza wa mwaka 1968

Ruzuku kubwa ya kwanza ya mbinu mpya za kufundishia katika mwambao huu haikwenda chuo kikuu. Ilikwenda kwa watu wazima. Baada ya mkutano wa mawaziri wa elimu uliofanyika Tehran mwaka 1965, UNESCO ilianzisha majaribio ya kisomo katika nchi kadhaa, na Tanzania ikawa mojawapo. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, kwa fedha za Umoja wa Mataifa pamoja na za Serikali, mradi wa kisomo chenye manufaa uliendeshwa katika mikoa minne ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi ambayo leo ni Kagera. Makao yake yalikuwa Mwanza.

Ijapokuwa mradi huo haukuwa wa elimu ya juu, naueleza kwa sababu mgawanyo wa kazi zake una funzo kwa vyuo. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ni kutunga maneno na kuyapanga. Vitabu vya kusomea vilitungwa kwa Kiswahili kufuatana na kazi za watu: pamba, ndizi, ng'ombe, uvuvi, na shughuli za nyumbani. Aliyevitunga ilimpasa kujua mkulima hulitajaje dumuzi la pamba au jembe la kukokotwa, na kama neno la kitabuni litafahamika kwa Msukuma, Mhaya na Mjita pamoja. Hata jina la jambo lenyewe, "kisomo chenye manufaa", ni istilahi ya Kiswahili iliyoundwa ikapata kuenea. Miaka ya 1970 likafuata gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili waliokwisha kujua kusoma wasikose cha kusoma.

Takwimu za taifa zinajulikana. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walihesabiwa kuwa kiasi cha asilimia 67, na mwaka 1975 kiasi cha asilimia 39. Sidai kuwa mradi wa Mwanza peke yake ulileta mabadiliko hayo, kwa kuwa kampeni ilikuwa ya nchi nzima. Ninachosema ni kwamba katika mradi ule lugha ilikuwa na fungu lake, na watu walilipwa kwa kazi ya maneno kama walivyolipwa madereva na mafundi.

3. Mfano wa Dar es Salaam wa mwaka 2004

Mfano wa pili unatoka nje ya mwambao wetu, ila unatuhusu, kwa maana ni wa chuo kikuu na wa kompyuta. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, ilipata fedha za shirika la maendeleo la Sweden, Sida, kwa ajili ya kuzifasiri programu huria kwa Kiswahili. Mradi uliitwa Kilinux, na mwezi wa Desemba mwaka 2004 ikatolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo amri zake zote zilikuwa kwa Kiswahili.

Jambo hili lilikuwa kubwa kuliko lilivyosifiwa. Ilidhihirika kwamba faharasa ya istilahi inaweza kuwa ndiyo shabaha ya ruzuku ya teknolojia, na kwamba mwanaisimu na mwanakompyuta waweza kukaa meza moja. Walakini programu hubadilika kila mwaka, na tafsiri isiyofuatana na matoleo mapya hugeuka kuwa masalio. Katika maabara za kompyuta nilizopata kuingia kandokando ya Ziwa sijaikuta Jambo hata moja. Funzo langu hapa ni kwamba fungu la lugha halitoshi kuwapo siku ya kwanza. Lazima liwe na mlezi baada ya fedha za mfadhili kwisha.

4. Mstari wa buluu

Mfano wa tatu nimeushuhudia mwenyewe, tena nina sehemu yangu katika kosa lake. Miaka michache iliyopita mimi na wenzangu tulimwandikia mfadhili mmoja, ambaye hakuna haja ya kumtaja, kuomba maabara ndogo ya fonetiki: kompyuta, vinasa sauti, vipokea sauti vya masikioni, na projekta. Programu ya uchambuzi tuliyoikusudia ni Praat, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Amsterdam na itolewayo bure. Katika ombi tuliweka fungu moja dogo, pungufu ya bei ya projekta mbili, la kuandika mwongozo wa Kiswahili na faharasa ya istilahi za maabara. Ombi likarudi limekubaliwa, na fungu hilo limefutwa. Fedha zake zilihamishiwa kwenye matengenezo. Nasi, kwa furaha ya kupata mashine, hatukubisha.

Mashine zikaja. Kazi ya kwanza tuliyowapa wanafunzi ilikuwa kuchunguza toni za Kisukuma, lugha ambayo wengi wao wameizaliwa. Wasomaji wa jarida hili wanajua ugumu wake. Tangu uchunguzi wa Irvine Richardson uliotoka mwaka 1959 imefahamika kwamba katika Kisukuma toni ya juu iliyo mali ya silabi moja hujitokeza mbele yake, mara nyingi katika silabi ya pili kuelekea kulia. Sikio peke yake hudanganyika kwa urahisi, na kwa hiyo mashine ina faida kubwa. Praat huchora mstari wa buluu uonyeshao kidatu, na mstari mwingine uonyeshao nguvu ya sauti.

Majibu yalipokuja niliona ajabu. Vikundi kadhaa vilikuwa vimeweka alama ya toni ya juu mahali ambapo kidatu kilikuwa chini, na vyote vilikosea kwa namna moja. Nilikaa nao maabara kutazama wafanyavyo, na sababu ikadhihirika mara moja. Amri za programu ni za Kiingereza. Wasaidizi walizieleza kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi kila mahali mhadhiri akiisha kutoka. Na kila mmoja alieleza "toni ya juu" kuwa ni "sauti ya juu". Sasa, mtu akikwambia kwa Kiswahili "sema kwa sauti ya juu", atakuwa amekutaka uongeze nguvu ili usikike mbali, na kidatu hakukigusa hata kidogo. Basi wanafunzi, kwa utii kamili wa lugha waijuayo, waliuacha mstari wa buluu wakausoma ule wa nguvu. Mashine ilikuwa sahihi, na Kiswahili chao kilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni neno moja la kuviunganisha.

Na neno hilo lilikuwapo. "Kidatu", "toni", "kiimbo" na "mkazo" ni istilahi za miaka mingi katika isimu ya Kiswahili, na Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili tangu mwaka 1990. Kazi ya istilahi ilikwisha kufanywa na watu waliotutangulia. Ila hapakuwa na mtu aliyelipwa kuitoa rafuni na kuipeleka hadi kwenye kioo cha kompyuta. Muhula uliofuata tulibandika ukutani karatasi iliyoandikwa kwa mkono, yenye istilahi kumi na mbili na picha ya kila mstari, na mkanganyiko ule ukapungua sana. Karatasi ile ndiyo iliyokuwa fungu lililofutwa.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu isimu ni somo ambalo kosa lake halimdhuru mtu. Pale Bugando hali ni nyingine. Mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kwa picha zinazokwenda, kwa sanamu za mwili na kwa programu za mazoezi, zote kwa Kiingereza. Kesho yake yupo wodini mbele ya mama aliyetoka Geita au Ukerewe, naye hana budi kumweleza kwa Kiswahili kilichoonekana katika kioo. Zana iliyomfundisha kuona bila kumfundisha kusema imemfikisha nusu ya njia.

5. Maneno yashikayo

Huenda msomaji akauliza: je, maneno yakiundwa, yatatumika? Swali hili ni la haki, kwa kuwa sote tunakumbuka istilahi zilizozaliwa mkutanoni zikafia humo humo. Neno "ngamizi" kwa maana ya kompyuta lina watetezi wachache leo. "Tarakilishi" huandikwa zaidi kuliko linavyosemwa. Na "kompyuta" limeingia kila nyumba bila kuomba ruhusa.

Tukitazama yaliyofaulu twaona njia mbili. Njia ya kwanza ni kulipa kazi mpya neno la zamani ambalo watu wanalo mkononi. Vitenzi "pakia" na "pakua" ni mfano bora. Mtoto aliyekulia karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ameona maisha yake yote mizigo ya dagaa ikipakuliwa kutoka mashuani na kupakiwa katika malori. Ukimwambia apakue somo kutoka mtandaoni, anajua kitu kinatoka kule kinakuja huku, na ukimwambia alipakie, anajua linakwenda. Hahitaji kamusi.

Njia ya pili ni neno jipya kuingia likiwa limeshikana na shughuli iliyo wazi kwa watu wote. "Kishikwambi" lilikuwa neno la wachache mpaka Sensa ya mwaka 2022, ambapo makarani walipita nyumba kwa nyumba na vyombo hivyo, redio na magazeti yakalitaja kila siku, na baada ya sensa vyombo hivyo vikagawiwa walimu. Watu walichekelea neno hilo, kisha wakalitumia. Hayakuwa mafanikio ya kamusi peke yake. Chombo na jina lake viliwasili mlangoni siku moja.

Hili ndilo jambo ninalotaka wasimamizi wa ruzuku walione. Siku zana mpya inapoingia darasani ndiyo siku pekee ambayo jina jipya hupokelewa bila shida. Baada ya mwaka mmoja wanafunzi watakuwa wamejipatia maneno yao, mengi yakiwa ya Kiingereza yaliyovishwa viambishi vyetu, na hakuna baraza litakaloweza kuyang'oa.

6. Hoja ya upande wa pili

Wako wenzetu wasemao kwamba lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vyetu ni Kiingereza, isipokuwa katika masomo ya Kiswahili. Kwamba vitabu na majarida ya sayansi ni ya Kiingereza. Na kwamba kumpa mwanafunzi istilahi za lugha mbili ni kumtwika mzigo maradufu. Hoja hii nimeisikia kwa wanasayansi ninaowaheshimu, na nisingependa kuipuuza. Mimi mwenyewe nilisomea udaktari wangu ugenini, kwa lugha ya kigeni, na ilinifaa.

Jibu langu ni kwamba mzigo huo upo tayari. Ingia katika vikundi vya majadiliano vya chuo chochote cha mwambao huu, jioni, utasikia Kiswahili kikifanya kazi ya kueleza yaliyosemwa mchana kwa Kiingereza. Hakuna amri iliyokileta pale, na hakuna amri itakayokiondoa. Hatuna uwezo wa kuchagua kama wanafunzi watatumia Kiswahili au hawatakitumia. Tunaweza kuchagua tu kama watakitumia kwa istilahi zilizopimwa au kwa zile za "sauti ya juu". Faharasa ya lugha mbili haimnyang'anyi mtu Kiingereza. Humwonyesha neno la Kiingereza lasema nini hasa.

7. Mapendekezo

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila andiko la kuomba zana za kufundishia katika elimu ya juu liwe na fungu la lugha lenye sehemu nne.

Kwanza, faharasa fupi ya istilahi za zana yenyewe, iandaliwe kabla zana haijafika, ikianzia katika kamusi zilizopo na katika istilahi zilizosanifiwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo lipo tangu mwaka 1967. Kuunda neno jipya kuwe hatua ya mwisho.

Pili, mwongozo wa Kiswahili wa kurasa chache, wenye picha, ulioandikwa na mtaalamu wa somo na mwanaisimu kwa pamoja. Mmoja akiuandika peke yake utakuwa na kosa la sayansi au kosa la lugha.

Tatu, majaribio ya muhula mmoja. Istilahi zitazamwe zinavyotumika katika vikundi vya wanafunzi, na zisizofaa zibadilishwe. Neno ambalo wanafunzi wamejiundia wenyewe, likiwa sahihi, lipewe kipaumbele.

Nne, mlezi. Andiko litaje taasisi itakayotunza faharasa na kuirekebisha baada ya ruzuku kwisha, na nakala ipelekwe barazani, ili chuo cha Butiama kisianze upya kazi iliyokwisha kufanywa Nyegezi.

Gharama ya hayo yote ni ujira wa watu wawili kwa miezi michache, pamoja na uchapaji. Projekta huharibika baada ya miaka kadhaa, na kompyuta huzeeka upesi zaidi. Lakini neno lililoingizwa vema, kama "kidatu" au "pakua", halihitaji umeme wala vipuri.

Wengi wetu huitwa kuwa wasomaji wa maandiko ya namna hii kabla hayajapelekwa kwa wafadhili, na desturi yetu imekuwa kuzipitia sarufi na tahajia kisha kuyarudisha. Tusiishie hapo. Tutafute katika jedwali la fedha mstari wa lugha, na tusipouona tuuandike, tena tusikubali ufutwe kwa wepesi kama mimi nilivyokubali.